Kangaga Kwenye Bunduki

Kitu cha kwanza kilichomshtua Nadine Wojtan asubuhi ile hakikuwa bunduki. Kilikuwa kiti.

Kiti kilikuwa kitupu. Kile kiti cha kulalia cha sebuleni, chenye mpini wa pembeni wa kunyanyulia miguu, ambacho tangu Aprili kilikuwa hakijaonja ubaridi kwa sababu mumewe alikuwa hakipi nafasi ya kupoa. Leland alikikalia kutwa kucha ndani ya pajama zilezile za bluu, akitazama idhaa ya hali ya hewa. Mtu asiyefika hata kwenye sanduku la barua alikuwa anajua kwamba kutanyesha Nebraska. Ukimwuliza, "Unajisikiaje leo?" anakujibu, "Kuna upepo mkali pwani ya Oregon." Hapo mazungumzo yamekwisha, shika hamsini zako.

Nadine alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, ambako kazi yake ni kuwageuza, kuwaosha, kuwabembeleza na kutukanwa. Miguu ilikuwa imevimba hivi kwamba si yeye aliyevaa viatu, viatu ndivyo vilivyomvaa. Alisimama akalitazama lile bonde lililochimbika katikati ya kiti, na moyo ukampiga paa. Mgonjwa wa mgongo akikosekana kitini, ama yuko chooni, ama yuko chini.

"Lee!"

"Usipige kelele. Halafu funga huo mlango, upepo unaingia na rangi bado mbichi."

Sauti ilitoka jikoni. Nadine alikwenda akitanguliwa na harufu iliyompanda puani mpaka utosini, harufu ya kopo la rangi ya kupuliza. Meza yote ilikuwa imefunikwa magazeti. Juu yake, kutoka kwenye ndoano ya taa, bunduki ilikuwa imening'inizwa kwa waya wa kutundikia nguo kama bata anayengoja kunyonyolewa. Leland alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha mbao, mshipi mpana wa mgongo ukiwa umemkaza juu ya pajama, kopo mkononi, na nukta za rangi kwenye nyusi.

Ilikuwa bunduki yake ya kulungu, ile yenye kitako cha mti wa jozi, ambayo kwa miaka yote ya ndoa yao aliipaka mafuta kwa mapenzi ambayo Nadine, kusema kweli, alikuwa akiyaonea wivu. Sasa darubini imefunguliwa imewekwa pembeni, mdomo wa mtutu umezibwa kwa selotepu ya karatasi, na bunduki nzima, mti kwa chuma, imekuwa na rangi moja iliyofifia ya nyasi kavu.

"Umefanya nini?"

"Hiyo ni rangi ya chini tu. Bado."

"Jikoni, Leland?"

"Gereji ina ngazi."

Ngazi ndizo zilizokuwa zimemshinda Leland tangu siku ile ya Aprili gogo lilipochomoka kwenye mnyororo pale kiwanda cha mbao likampitia kiunoni.

Ni yeye mwenyewe Nadine aliyeuwasha moto huu. Siku kadhaa nyuma alifungua friza akakuta barafu na mfuko mmoja wa njegere, na hizo njegere hazikuwa chakula, zilikuwa dawa ya kukandia mgongo. Akasema kwa hasira, "Msimu ukifunguliwa Jumatatu nakwenda mimi kuwinda. Bunduki ipo, sehemu ipo, baba yangu alinifundisha." Leland alisema tu kwamba Montana kuna theluji. Kumbe maneno yalikuwa yameingia, yakakaa ndani yanachemka taratibu kama maharage.

"Bunduki inang'aa," Leland alieleza. "Ukikaa pale asubuhi jua linakuja kutoka kushoto. Ukiigeuza kidogo tu, kulungu anaona kioo."

"Na wewe ulikuwa unawapataje na bunduki inang'aa?"

"Mimi nilikuwa natulia. Wewe unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Na koti je? Serikali inataka nivae koti la chungwa na kofia ya chungwa. Nitaonekana kutoka mwezini, halafu bunduki ndiyo ijifiche!"

"Kulungu haoni chungwa. Anaona mng'ao na anaona mtu anayetikisika. Muulize yeyote."

Nadine angeweza kugomba. Chakula chote cha humo ndani kingenuka rangi hadi Krismasi. Lakini aliyahesabu maneno ya mumewe moyoni, akaona yamezidi yale ya kiangazi kizima. Akavuta kiti, akavua kiatu kimoja, akauminya mguu. Hakuwa anataka kulungu. Alitaka hiki anachokiona: mtu ameketi wima, ananuna, anabishana. Kulungu akipatikana au akikosekana, yeye alimwomba Mungu jambo moja tu, huyu bwana asirudi kwenye lile bonde.

"Haya, unataka nini?" akauliza.

"Majani."

Akavaa tena kile kiatu. Nyuma ya nyumba alizoa majani mkono mzima, akarudi, akayamwaga mezani. Leland aliyatazama kama mtu aliyeletewa supu yenye nzi.

"Haya ni ya mwaloni."

"Jani ni jani, Lee."

"Utakaa chini ya mwaloni, wewe?"

"Nitakaa chini ya chochote, nimechoka."

"Utakaa pale jiweni, nilipokuwa nakaa mimi. Chini ya mgongo wa kilima, pale maji yanapochuruzika." Alifumba macho. "Kushoto kuna msonobari mfupi, matawi yanakugusa bega. Mbele kuna ile miti ya magome laini ya kijivu, majani yake yanakauka lakini hayaanguki, yamekuwa meupe kama karatasi ya kufungia nyama. Chini kote ni kangaga. Hata baridi ikija hiyo haikauki, inalala tu kwenye majani makavu na kijani chake. Niletee ya hapo. Sitaki bunduki yangu ifanane na bustani ya kanisa."

Mtu mwenye akili zake, aliyekesha akigeuza wazee, angemwambia achore hata maua ya waridi. Nadine alipanda kilima. Alipanda polepole, akivuta pumzi kama bomba bovu, akafika jiweni, na kweli kila kitu kilikuwa palepale alipokitaja, mpaka tawi la kugusa bega. Akafukua kangaga, yale majani yaliyochanika pande zote mbili kama kitana, akakata na vijiti vya msonobari, akashuka.

"Sasa hii," Leland alisema, akiinusa kangaga, "hii ndiyo. Lakini kwanza nairudisha darubini, ili rangi ipite juu ya kila kitu bila mpaka. Wewe kajinyooshe kidogo. Ukihitajika nitakuita."

Nadine hakungoja kubembelezwa. Alijitupa kwenye kochi la sebuleni, mahali ambapo mtu wa jikoni anamwona, na usingizi ukambeba kabla hajavua kiatu cha pili. Katikati ya usingizi alisikia kitu cha chuma kikianguka sakafuni, kling, halafu kikiviringika. Halafu kiti cha mbao kikilia, na mtu akivuta pumzi kwa meno.

"Nini?" akauliza bila kufumbua macho.

"Hakuna kitu. Lala."

Akalala.

Alipoitwa, darubini ilikuwa imerudi mahali pake juu ya bunduki, vioo vyake vyote viwili vimezibwa selotepu. Leland alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu, lakini yeye alikuwa mtu wa jasho siku hizi hata akifunga kifungo. Basi wakaanza. Nadine akilaza jani la kangaga kwenye mtutu na kulishika kwa ncha za vidole, Leland akipuliza kijani kizito juu yake, pff, mara moja tu, kwa mbali. Jani likiondolewa linaacha umbo lake, jeupejeupe, kila jino la kitana likionekana. Wakasogea. Msonobari kwenye kitako. Ule mfuko wa wavu wa vitunguu wakauvuta juu ya darubini na kupuliza kahawia kupitia matundu yake, ikawa kama ngozi ya nyoka. Kipande cha sponji kikamalizia hapa na pale.

"Usitikisike."

"Ni wewe unayetikisika."

"Kidole chako kimeingia."

"Basi kulungu ataona kidole. Atadhani ni uyoga."

Leland alicheka kwa pua. Kidogo tu, lakini Nadine alisikia, akatazama pembeni haraka asije akamshtua mtu kwa kumshangilia. Wakati huohuo paka akapita chini ya kopo na mkia wake mweupe, akatoka upande wa pili na mkia wa kijeshi wenye madoa ya kijani.

Jioni bunduki ilikuwa imekauka kiasi cha kushikika. Nadine aliitazama na, pamoja na uchovu wake, akakubali kwamba ilikuwa nzuri. Jikoni ilionekana kama kipande cha kilima kimesahauliwa kwenye ndoano ya taa.

"Hatuipimi kwanza?" aliuliza. "Darubini ikifunguliwa si lazima mtu apige risasi ya majaribio?"

"Kwa rangi mbichi hivi? Utabaki na kangaga mashavuni. Nilitia alama kabla ya kuifungua. Imerudi palepale."

Alisema haraka kidogo. Nadine aliisikia hiyo haraka, lakini kuifuata kungehitaji nguvu, na nguvu zake alikuwa anaziwekea akiba ya kufika kitandani.

Jumatatu ya kufungua msimu shule zimefungwa, viwanda havina watu, na hata padri huwa na homa ya ghafla. Kabla hakujapambazuka Nadine alikuwa chini ya meza ya jikoni akitafuta buti. Mkono wake ukakandamiza kitu kigumu. Bisibisi. Akamlaani aliyeiacha pale, akaitupa ndani ya droo ya vijiko.

Leland alikuwa ameshaketi kwenye kile kiti cha mbao. Alimkabidhi bunduki kwa mikono miwili.

"Usimfyatulie anayetembea. Mpigie mluzi mdogo, atasimama."

"Najua."

"Usilale."

"Leland, nimelala lini?"

"Ndiyo nasema."

Jiweni kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma mifupa. Nadine alikaa na koti lake la chungwa, anawaka kama jiko la mkaa lililosahauliwa msituni, bunduki mapajani. Alipoitazama akashindwa kuona inaanzia wapi. Kangaga ya rangi ilikuwa imeungana na kangaga ya Mungu, kiasi kwamba magoti yake yalionekana yamepitiwa na msitu. Akacheka kimoyomoyo. Akasema atamweleza Lee. Kisha akasinzia, kwa sababu mwili ukishazoea kulala asubuhi hauulizi kama uko kitandani au mlimani.

Kilichomwamsha ni ukimya. Alifumbua jicho moja, na pale mbele, kati ya miti ya kijivu, dume la kulungu lilikuwa limesimama limemgeuzia ubavu, pembe kama mti mdogo usio na majani, linatafuna. Halikuhitaji mluzi. Jua lilikuwa limetoboa ukungu kutoka kushoto, kama alivyosema mtu wa kitini, na bunduki haikung'aa hata kidogo.

Nadine aliinyanyua taratibu. Moyo ulikuwa unapiga, lakini mkono ulikuwa umetulia. Mkono unaomnyoa ndevu mzee wa miaka tisini anayerusha mateke haubabaishwi na mnyama aliyesimama. Akaweka msalaba wa darubini nyuma ya bega la dume. Akatoa pumzi nusu. Akavuta.

Mlio ukapiga kilima, ukarudi. Dume likainua kichwa, likamtazama kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni, likaondoka zake kwa miruko mikubwa, mkia mweupe umesimama juu.

Alitafuta damu kwa muda mrefu, ameinama, mgongo na wenyewe sasa unadai haki zake. Hakuna damu. Hakuna unyoya. Halafu akaliona tundu, jeupe, bichi, kwenye gome la mti. Lilikuwa kushoto, shibiri nzima kushoto ya pale bega lilipokuwa. Akasimama mbele yake. Aliujua mkono wake na alijua ulichofanya. Mkono haukuvuta kushoto. Darubini ndiyo iliyodanganya, na darubini aliirudisha Leland.

Alikaa chini, pale pale, mgongo kwenye mti wenye tundu. Kukosa nyama hakukumwuma sana. Wangekula maharage, si mara ya kwanza. Aliwaza kile kiti. Aliwaza anaingia, anasema, "Lee, ilikwenda kushoto," na jinsi uso wa mtu utakavyofunga kama duka. Mtu ambaye kitu cha kwanza alichokishika tangu Aprili kimeharibika mikononi mwake. Kesho yake kutanyesha Nebraska.

Akashuka kilima akijifunza uongo wake kama mtoto anayekwenda kukariri shairi.

Leland alikuwa amesimama dirishani. Kusimama kabisa, mkono mmoja kwenye fremu.

"Nimesikia moja," alisema. "Risasi moja ni nyama."

"Moja ni mimi kulala," Nadine alijibu, akiiegemeza bunduki kwenye kona. "Nilisinzia, Lee. Nikafumbua macho, lipo pale, kubwa kama ng'ombe. Nikashtuka nikavuta ovyo. Nimepiga mti."

Nadine alijishughulisha na kamba za buti.

Halafu kitu kikaanza kukoroma kwenye kifua cha Leland, kikapanda, na akacheka kicheko kizima, ameshika mgongo, "Aa, aa, usinichekeshe, inauma." Akacheka tena. "Mwanamke amelala! Dume limekuja kumwamsha kazini!"

Nadine alicheka naye. Alikuwa radhi kukosa kulungu wa jimbo zima kwa kicheko kile.

Lakini habari ya risasi iliyokosa haifi ndani ya nyumba moja. Giza lilipoanza, mlango ulifunguliwa bila hodi, akaingia Stush, kaka mkubwa wa Leland, mtu mwenye tumbo la kutangulia, chupa ya bia kwenye mfuko wa kushoto na makasi ya kukatia manyoya ya kondoo kwenye mfuko wa kulia.

"Shemeji! Nimepita hapo nje nimeangalia juu ya mti, sikuona kulungu amening'inia. Nikasema labda wamemweka sebuleni akipata joto."

"Pole, shemeji, umechelewa. Alikula akaondoka."

"Aha! Na sisi tulisikia bunduki." Akayachezesha makasi, kwacha, kwacha. "Simama ugeuke, mama. Sheria haina shemeji."

Sheria ilikuwa ya tangu enzi za babu zao. Aliyefyatua akakosa hukatwa pindo la nyuma la shati lake, likaandikwa jina, likapigiliwa misumari kwenye ukuta wa kibanda cha uwindaji cha Stush. Ukuta ulikuwa umejaa kama kamba ya nguo siku ya kufua. Stush mwenyewe alikuwa na vipande vya kutosha kushonea pazia. Leland hakuwa nacho hata kimoja, na miaka yote hiyo hakuacha mtu asahau.

"Mkate tu," Leland alisema kwa raha, akiivuta bunduki magotini na kitambaa cha kufutia. "Alilala kazini. Mkate mpaka mabegani."

"Nikikatwa mabegani nitakwenda zamu na nini, wewe?"

"Wazee watafurahi," Stush alisema. "Wengine watapona."

"Mbwa wewe, shemeji."

"Halafu nyumba hii inanuka nini? Na paka wenu yuko wapi, sijamwona?"

"Nusu yake huwezi kumwona," Leland alisema.

Nadine alikuwa ameshageuka, amechomoa shati kwenye suruali, anangoja ubaridi wa chuma, ndipo alipogundua kwamba kitambaa kimeacha kusugua.

"Nadine. Washa taa ya juu."

Aliiwasha. Leland alikuwa ameileta bunduki karibu na uso. Kidole chake kilikuwa juu ya darubini, mahali ambapo pete ya chuma inaikumbatia. Rangi yao ilikuwa imepita juu ya kila kitu bila mpaka, kama alivyotaka. Lakini sasa mpaka ulikuwepo. Mbele ya pete palikuwa na ukanda mweusi, mwembamba kama uchafu wa ukucha, chuma kitupu ambacho siku ya kupaka kilikuwa kimefichwa ndani ya pete. Kangaga iliyokuwa nzima ilikuwa imekatika katikati, nusu huku, nusu kule.

Darubini ilikuwa imesogea.

"Ulisema ulilala," Leland alisema.

"Nililala."

"Ukalala, darubini ikatembea yenyewe."

"Labda niliigonga nikishuka."

"Risasi ilikwenda wapi?"

"Nimekwambia, kwenye mti."

"Upande gani wa kulungu, Nadine?"

Stush aliteremsha makasi. Hata yeye alijua kuna wakati wa kunyamaza, ingawa ulikuwa haujamtokea mara nyingi.

"Kushoto," Nadine alisema. "Shibiri."

Na ule ukimya ukaja. Aliufahamu, aliishi nao tangu Aprili. Uliingia kwanza machoni mwa Leland, ukashuka mabegani. Akaiweka bunduki mezani polepole, akatazama mlango wa sebule, kule kiti kilipo. Nadine alihisi uchovu wote wa miezi ile umemkalia shingoni kwa pamoja. Alikuwa amebeba uongo huu kutoka kilimani bila kuumwaga, na umekuja kumwagwa na kopo la rangi.

"Bisibisi iliniponyoka," Leland alisema.

"Nini?"

"Siku ile. Nilikuwa nakaza skrubu za pete, bisibisi ikaanguka chini ya meza. Nikajaribu kuinama nikashindwa. Nikajaribu kwa mguu, ikaviringika zaidi. Basi nikakaza kwa ncha ya kisu cha siagi, nikasema zimekaza. Halafu tukapaka juu, na mtu hawezi kukaza skrubu iliyopakwa bila kuharibu rangi." Alijipangusa uso. "Rangi ilikuwa imetoka nzuri."

"Ungeniita! Nilikuwa hapo kwenye kochi!"

"Ulikuwa ndiyo kwanza umefumba macho. Na kiatu mguuni."

Nadine aliikumbuka ile kling. Aliikumbuka bisibisi chini ya kiganja chake, akaikumbuka na laana aliyoitoa. Alikwenda kwenye droo ya vijiko, akaitoa, akaiweka mezani mbele ya mumewe.

Leland aliitazama. Akaweka viganja viwili mezani, akasukuma. Nadine aliposogea kumsaidia alimtikisia kichwa. Alipanda kwa vipande, kama jeki ya zamani, mpaka akasimama.

"Stush, mwache shati lake. Aliyekosa ni mimi."

"Wewe hukuwepo msituni, bwana mdogo."

"Darubini ilikuwepo. Kata."

Stush alimzunguka, akainua pindo la pajama ya bluu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. "Hii? Ukutani kwangu? Kuna shati la baba pale. Sipigilii nguo ya kulalia karibu na shati la marehemu baba. Sheria inasema shati."

"Nina shati."

"Sijakuona nalo tangu masika."

Leland alisimama kidogo akipumua. Kisha akaondoka, mkono ukutani, akapita sebuleni. Nadine alisikiliza nyayo zikifika mahali pa kiti. Zikasimama. Paka akalia kwa hasira, inaelekea alikuwa amelala kwenye lile bonde la kiti, akakandamizwa kwa mkono ule mkia wa kijeshi. Nyayo zikaendelea mpaka chumbani. Droo ikafunguliwa.

"Atachukua muda," Nadine alimwambia Stush. "Vifungo."

"Nina bia," Stush alisema, akaketi.

Leland alirudi amevaa shati la uwindaji, lile la sufu la miraba myekundu na myeusi, limefungwa upande kwa kuruka tundu moja la kifungo, limeingizwa ndani ya suruali ya kweli. Lilikuwa limempwaya. Alichomoa pindo, akamgeuzia kaka yake mgongo kwa heshima zote, kama mtu anayepimwa suti, na makasi yakala, kwacha. Stush akaandika jina juu ya kipande kwa kalamu ya wino mzito, akakipuliza kikauke, akakikunja mfukoni.

"Miaka yote nilikuwa nimekiwekea nafasi," alisema mlangoni. "Pale karibu na stovu. Njoo ukione mwenyewe, sikuletei picha."

Alipoondoka, Nadine alikaa na kuweka kichwa mezani juu ya magazeti. Chini ya shavu lake, mahali ambapo gazeti lilikuwa limechanika siku ile, meza ilikuwa na kivuli cha kangaga ambacho hakitatoka tena. Alisikia bisibisi ikiingia kwenye skrubu, na rangi ikipasuka vipande vidogo.

"Kesho tunaipima," Leland alisema. "Kule kwenye shimo la changarawe. Utanifikisha garini?"

"Kesho nina zamu."

"Ukitoka zamu."

"Nikitoka zamu nalala, Lee."

"Ukiamka."

"Mm."

Skrubu ikalia, ikakaza. Ya pili. Baadaye Nadine alisikia kopo likitikiswa, ile gololi ya ndani ikigonga, taka-taka-taka.

"Nimeharibu hapa kwenye pete," Leland alisema, nusu akijisemea. "Itabidi niguse kidogo."

"Nje," Nadine alisema bila kuinua kichwa.

"Kuna baridi."

"Vaa koti."

Kopo likanyamaza. Kiti cha mbao kikalia. Alitaka kufumbua macho aone, lakini macho yalikuwa yamegoma, basi alibaki akisikiliza tu: hatua moja, kisha nyingine, kisha mkono ukipapasa makoti nyuma ya mlango.